Pete za Vitunguu Zinapokataa Kukauka: Dalili, Sababu na Marekebisho

Takriban sehemu tisa kwa kumi za uzito wa kitunguu ni maji, na kazi yote ya kukaanga pete za vitunguu ni kuyatoa maji hayo bila kuliharibu ganda la unga linaloizunguka kila pete. Malalamiko ya wapishi wa nyumbani hapa Nakuru na kule Kisumu, hasa akina mama wa vyama na vijana wanaoandaa vitafunio vya sherehe za siku ya kuzaliwa, hutofautiana kwa maneno, lakini mengi yana chanzo kimoja: maji yamekaa mahali yasipotakiwa. Huenda yako juu ya kitunguu kabla hakijapakwa unga, au yamezidi katika rojo (ule unga uliokorogwa na maji wa kuchovyea pete), au yamegeuka mvuke na kufungiwa chomboni baada ya kukaanga. Kwa hiyo kabla hujaongeza yai au kubadilisha aina ya unga, jiulize kwanza maji yako wapi.

Kipimo ninachokitumia kama msingi wa maelezo haya ni vitunguu viwili vikubwa vilivyokatwa kwa unene wa sentimita 1, gramu 150 za unga wa ngano mweupe, gramu 50 za konflawa, kijiko kidogo kimoja cha bekingi pauda, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na mililita 220 hadi 240 za maji baridi sana yenye gesi, yasiyo na sukari. Pembeni kuwe na sahani ya unga mkavu wa kuvingirishia pete kabla hazijatiwa kwenye rojo. Mafuta yawe na kina cha sentimita 5 hadi 7, wala yasipite nusu ya karai.

Pete zinatoka kavu, kisha zinalegea kabla wageni hawajala

Hili ndilo lalamiko linalorudiwa kuliko mengine yote, na mara nyingi mkosaji ni hotpoti. Chombo kinachohifadhi chapati zikabaki laini na moto hakiwezi kuhifadhi kitu kinachotakiwa kuwa kikavu, kwa sababu mvuke unaotoka ndani ya kitunguu hauna pa kwenda. Unagonga kifuniko, unageuka matone na kurudi juu ya pete. Uchunguzi wake ni rahisi: inua kifuniko na upitishe kidole upande wake wa ndani. Kikiwa na unyevu, umepata jibu, na hakuna haja ya kugusa kipimo cha unga.

Marekebisho ni kuzipanga pete kwa safu moja juu ya wavu wa waya, ule wa kupozea keki, uliowekwa juu ya sinia ili hewa ipite chini. Mwenye oveni aiwashe kwa nyuzi 100 za Selsiasi na kuuacha mlango wazi kidogo, na humo pete zitakaa karibu nusu saa bila kuharibika. Karatasi ya kunyonyea mafuta hufaa kwa dakika moja tu, maana pete zikilala juu yake muda mrefu upande wa chini hulowa. Gazeti lisitumike kabisa, kwa kuwa wino wake hushika kwenye chakula chenye mafuta moto.

Sababu ya pili ni kuzitoa pete mapema kwa kuhukumu rangi peke yake. Hapa inafaa kusimama kando ya karai na kutazama kwa makini. Pete inapoingia mafutani, mapovu makubwa huizunguka pande zote na sauti huwa kubwa. Hayo ni maji ya rojo yanayotoka kwa kasi. Baada ya dakika moja na nusu hivi mapovu hupungua, huwa madogo, na hutokea kwenye kingo zaidi kuliko katikati, na ile sauti hushuka ikawa mchirizo mwembamba. Wakati huo ndipo ganda limekauka. Pete inayotolewa wakati mapovu yangali makubwa itakuwa na rangi nzuri na italegea ikifika mezani. Kwa kawaida kazi nzima huchukua dakika 2 hadi 3.

Sababu ya tatu ni chumvi na sosi. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kitunguu, kwa hiyo vitunguu visitiwe chumvi vikasubiri. Chumvi ya kutosha iwe ndani ya unga, na nyingine kidogo inyunyizwe pete zikiwa zimetoka mafutani sasa hivi. Sosi ya nyanya iwe bakulini, kila mtu achovye mwenyewe.

Sababu ya mwisho ni hewa yenyewe. Ganda kavu hunyonya unyevu, na Kisumu, kwa ukaribu wake na Ziwa Victoria, huwa na hewa nzito kuliko Nakuru, hasa msimu wa mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei. Pete iliyoachwa mezani hubadilika upesi zaidi huko. Dawa ya kudumu, na ndiyo ninayoipendekeza kwa sherehe yoyote yenye wageni zaidi ya kumi, ni kukaanga mara mbili. Mara ya kwanza kaanga kwa nyuzi 160, dakika moja na nusu, pete ziwe na rangi hafifu tu, kisha zitandaze kwenye waya zipoe. Wageni wakishaketi, zirudishe kwenye mafuta ya nyuzi 175 hadi 180 kwa dakika moja. Kati ya mara ya kwanza na ya pili zisikae nje zaidi ya saa mbili; muda ukizidi hapo, ziwekwe frijini.

Ganda linavuka na kuacha kitunguu kitupu

Anza na uchunguzi usiogharimu chochote: kamata pete moja mbichi kabla ya kuitia unga. Vidole vikilowa, kitunguu hakijakauka vya kutosha. Unga hauwezi kushika juu ya maji. Ukiingia mafutani, maji hayo hugeuka mvuke kati ya kitunguu na ganda na kulisukuma ganda nje. Pete zipanguswe kwa taulo safi la jikoni na kuachwa zimetandazwa dakika kumi.

Kama pete zilikuwa kavu na bado ganda limevuka, huenda umeruka hatua ya unga mkavu. Rojo haling'ang'anii uso laini wa kitunguu, bali hung'ang'ania unga uliokwisha kushika kitunguu. Vingirisha kila pete katika unga mkavu, ikung'ute ili ibaki na ukungu mwembamba wa unga, ndipo uitumbukize kwenye rojo. Unga ukiwa mnene hapo utajitenga wenyewe.

Sababu ya tatu watu wengi hawaijui. Ukitenganisha pete utaona kwamba upande wa ndani wa kila moja kuna utando mwembamba unaong'aa, unaoteleza ukiupapasa kwa kidole gumba. Rojo haliushiki utando huo. Uondoe: kwaruza ukingo kwa ncha ya kisu mpaka uinuke, ushike na uuvute polepole ukifuata mzunguko, nao hutoka mzima. Ni kazi ya subira, na kwa vitunguu viwili huenda ikachukua robo saa, lakini hakuna marekebisho mengine yanayoleta tofauti kubwa kama hii. Mwenye friza anaweza kuzigandisha pete mbichi usiku kucha na kuziyeyusha asubuhi. Utando utakuwa umelegea na utavuka wenyewe. Kitunguu kilichogandishwa hutoa maji mengi kikiyeyuka, basi kikaushwe kwa taulo mara mbili.

Zikishaondolewa sababu hizo tatu, tazama mkono wako. Pete inayogeuzwa kabla ya nusu dakika huacha ganda lake kwenye koleo. Na pete isitupwe mpaka chini. Ishushe taratibu, uishike nusu ikiwa ndani kwa sekunde mbili au tatu, kisha uiachie, ili isilale kwenye sakafu ya karai na kugandamana.

Pete zimenyonya mafuta

Karibu kila mara mafuta hayakuwa moto wa kutosha. Mvuke unaotoka kwa nguvu huyazuia mafuta yasiingie. Mafuta yakiwa baridi mvuke ni dhaifu, na ganda hukaa mafutani muda mrefu bila kukauka. Asiye na kipimajoto adondoshe tone la rojo: likizama na kukaa chini, mafuta bado, likizama kidogo na kuelea mara moja likizungukwa na mapovu, mafuta yako tayari, likigeuka kahawia ndani ya sekunde chache, joto limezidi. Mpini mkavu wa mwiko wa mbao uliochovywa mafutani unapaswa kutoa mapovu madogo yasiyokoma.

Hata mafuta yaliyokuwa sawa mwanzoni hupoa ukijaza karai. Kaanga pete 4 hadi 6 kwa mkupuo, na baada ya kila mkupuo subiri dakika moja au mbili ujaribu tone tena. Najua wageni wakiwa sebuleni subira hii ni ngumu, na ndiyo sababu nyingine ya kukaanga mara mbili.

Iko sababu isiyotajwa sana: mafuta mengi hayaingii pete zikiwa karaini, bali huingia zikishatolewa, mvuke wa ndani unapopoa na kuyavuta mafuta yaliyobaki juu ya ganda. Kwa hiyo zikung'ute pete juu ya karai kwa sekunde kadhaa kabla ya kuziweka kwenye waya. Tabia hii ndogo huondoa mafuta mengi kuliko karatasi.

Nje zimeungua, ndani kitunguu ni kibichi

Kwanza angalia unene wa kitunguu. Pete iliyozidi sentimita 1 haitaiva kabla ganda halijawa jeusi. Pili, angalia kama rojo lina sukari, maziwa au soda tamu, kwa maana vyote hivyo huharakisha rangi. Wapo wanaotumia soda tamu badala ya maji yenye gesi kwa kudhani ni kitu kimoja, na pete zao hubabuka.

Vyote vikiwa sawa, basi tatizo ni mwinuko wa mahali, na hapa mapishi mengi yaliyoandikwa kwa watu wa pwani au nchi za tambarare humpotosha mpishi wetu bila kosa lake. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Kisumu takriban mita 1,130. Maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi Nakuru na 96 hivi Kisumu, badala ya 100. Maji ya ndani ya kitunguu yakigeuka mvuke kwa joto la chini zaidi, kitunguu hupikwa polepole zaidi, ilhali ganda linaguswa na mafuta yenye joto lilelile la kwenye maandishi. Kanuni inayofaa ni kupunguza joto la mafuta kwa nyuzi 5 hadi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Maelekezo yakitaja nyuzi 185, mkazi wa Nakuru atumie 175 na wa Kisumu 180, na muda uongezwe kidogo. Walioko Eldoret, kwenye mita 2,100 hivi, wapunguze nyuzi 11 au 12. Lakini usishuke chini ya 165 katika mkaango wa mwisho, maana hapo utarudi kwenye tatizo la pete zinazonyonya mafuta.

Rangi inayotakiwa ni ya dhahabu. Vyakula vya wanga vikikaangwa mpaka vikawa kahawia iliyokolea hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo wataalamu wa afya wanashauri ipunguzwe katika chakula.

Ukiuma, kitunguu kinachomoka chote na ganda linabaki mkononi

Dalili hii hutokana na ule utando uliotajwa hapo juu, au na kitunguu ambacho hakijaiva. Ukishaondoa vyote viwili, lawama ibebwe na kitunguu chenyewe. Vitunguu vyekundu vinavyouzwa katika soko la Wakulima hapa Nakuru au Kibuye kule Kisumu vingi ni vidogo na vikali, na vilivyovunwa wakati wa mvua huwa na shingo laini na maji mengi. Chagua vikubwa, vya mviringo, vyenye shingo nyembamba iliyokauka kau na maganda yanayochakarika ukivishika. Chini ya kipenyo cha sentimita 7 haifai kuhangaika. Vitie kwenye kachumbari.

Kuviloweka katika mala kwa nusu saa hupunguza ukali na kulainisha nyuzi zake. Baada ya hapo vichujwe vizuri na kuvingirishwa moja kwa moja katika unga mkavu, kwa kuwa mala ni nzito na unga huishika, tofauti na maji matupu.

Ganda ni gumu au zito kama la mandazi

Rojo limekorogwa kupita kiasi. Unga wa ngano ukikorogwa sana na maji hujenga gluteni, ile nguvu inayoufanya unga wa chapati uvutike, na kwenye pete nguvu hiyo haitakiwi. Koroga kwa uma mara chache tu, ukikubali mabonge madogo yabaki. Unga ulioandikwa kuwa ni wa chapati una gluteni nyingi. Ukiwa ndio pekee ulio nao, ongeza konflawa mpaka iwe theluthi ya unga wote. Rojo likae juu ya bakuli la barafu, hasa Kisumu, na lichanganywe karai likiwa limeshapata moto, kwa sababu gesi yake hupotea likisubiri.

Unene unaofaa ni ule unaofunika mgongo wa kijiko na kudondoka kwa uzi usiokatika upesi. Rojo bichi lisionjwe: unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuhara.

Kingo za kitunguu chekundu zimegeuka rangi ya samawati au kijani

Umetumia magadi soda. Rangi ya kitunguu chekundu hubadilika ikikutana na magadi. Si sumu, ila haipendezi mezani. Tumia bekingi pauda, au ongeza kijiko kidogo cha maji ya limau kwenye rojo.

Mafuta yanatoa povu, moshi, au yanaruka

Mafuta yanayoruka yana maji ndani yake: pete zilizolowa, karai lililooshwa bila kukaushwa, au barafu iliyong'ang'ania pete zilizotoka friza. Maji yakigeuka mvuke huongezeka ujazo zaidi ya mara 1,600, na tone moja chini ya mafuta moto linatosha kuyatupa mafuta usoni. Pete zilizogandishwa zikung'utwe barafu yote kabla ya kuingia.

Povu jeupe linalopanda na kukaa juu, harufu nzito, rangi iliyokolea na moshi kwenye joto la kawaida ni ishara kwamba mafuta yamechoka, na hakuna dawa yake. Zima moto, acha yapoe kabisa, yafunge kwenye chupa na kuyatupa na taka. Yasimwagwe kwenye sinki, kwa kuwa huganda na kuziba mabomba. Mafuta yenye hali nzuri yanaweza kuchujwa kwa kitambaa safi na kutumiwa tena mara chache. Nanunua, na nashauri wengine wanunue, mafuta yaliyofungwa kiwandani yenye alama ya ubora ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, wala si yale ya kupimiwa yasiyojulikana yalikotoka, kwani hakuna mpishi anayeweza kujua kwa macho yamechanganywa na nini.

Mahali pa kusimama na kuita msaada

Karai pana juu ya mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, ule tunaouita meko, halijasimama imara. Kama linayumba ukilisukuma kwa kidole, usilitie mafuta; tafuta sufuria nyembamba na nzito zaidi, au jiko lenye miguu minne. Watoto wasiwe jikoni. Jiko la makaa litumiwe nje au penye hewa ya kutosha, kamwe si katika chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo huua.

Moto wa gesi wa rangi ya njano unaoacha masizi kwenye sufuria unaonyesha kwamba kichomeo kimeziba. Kukisafisha matundu kikiwa baridi ni kazi ya nyumbani. Rangi isipobadilika, mwite fundi wa gesi. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, na utoke nje pamoja na kila mtu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hujikusanya karibu na sakafu. Uvujaji hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, kamwe si kwa kiberiti, na anayebadilisha mpira au regyuleta yenye kasoro ni fundi aliyeletwa na muuzaji wa gesi.

Mafuta yakianza kutoa moshi mwingi, zima moto mara moja bila kulihamisha karai. Yakishika moto, zima gesi ikiwa unaweza kuifikia, funika kwa kifuniko cha chuma au sinia, na ukiache kifuniko hapo mpaka karai lipoe kabisa. Usimwage maji hata kidogo, wala usilibebe karai kulitoa nje. Moto ukishapanda ukutani au kwenye pazia, toka na upige 999 au 112.

Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa kabla ya uvimbe, na asipakwe dawa ya meno, unga, yai wala mafuta. Kidonda kikizidi ukubwa wa kiganja chake, au kikiwa usoni, machoni, mikononi au kwenye kiungo, au aliyeungua akiwa mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo akiwa amefunikwa kidonda kwa kitambaa safi kisichoshika ngozi.